Panya, fuko, sungura: mtego upi, bunduki ipi, risasi ipi

Kabla ya kununua chochote, mjue anayekula. Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6. Cha panya wakubwa ni kati ya milimita 12 na 20: chembamba chenye ncha ni cha panya wa darini, kinene chenye ncha butu ni cha yule anayechimba chini. Nyunyiza majivu kando ya ukuta jioni, na asubuhi utaona nyayo, mburuzo wa mkia na njia yenyewe. Kuku wakiibwa mchana, shuku nguchiro kabla ya fungo, maana fungo na kanu hutembea usiku. Ukishajua ni nani, anapita wapi na saa ngapi, kifaa kinajichagua chenyewe, na mara nyingi kifaa hicho ni mtego, si bunduki. Mtego unafanya kazi usiku kucha bila mtu, hautoboi bati, na haujali giza.

Kwa panya, mtego wa kufyatuka wa ubao au plastiki ngumu bado ndio wa kwanza. Ukiwa dukani, utege na uufyatue kwa kijiti. Upau ushuke kwa kishindo hadi mwisho, na ulale sambamba na ubao bila kuegemea upande. Kisha angalia kilimi cha chambo: kikiguswa kidogo tu kiachie. Mitego mingi huja ikiwa mizito mno kufyatuka, na panya analamba chambo chote mtego ukiwa umetulia. Dawa yake ni koleo. Kunja kilimi taratibu hadi ncha ya waya wa kushikilia iingie kwa milimita moja au mbili, isizidi hapo, kisha jaribu tena kwa kijiti mpaka uridhike.

Usitumie mtego wa panya mdogo kwa panya mkubwa. Utambana mkia au mguu, atachomoka, na baada ya hapo hatakaribia mtego mwingine. Kinyume chake nacho hakifai, kwa sababu panya mdogo hana uzito wa kufyatua mtego mkubwa.

Mtego uwekwe ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Panya hukimbia mwili ukisugua ukutani, na ndiyo maana utaona mstari mweusi wa mafuta pale anapopita kila siku. Ukiulaza sambamba na ukuta utamkamata mgongoni au mguuni badala ya shingoni. Ikibidi kuulaza hivyo, weka miwili ikipeana visogo ili anayetoka upande wowote akutane na chambo kwanza. Panya wa darini hawashuki kukufuata, kwa hiyo funga mitego juu ya boriti wanazopita. Kila mtego wa panya mkubwa ufungwe kwa waya kwenye msumari, la sivyo aliyebanwa vibaya ataondoka nao hadi kwenye shimo.

Chambo kiwe kidogo, kama punje ya harage. Siagi ya karanga inashika vizuri. Kipande kigumu kifunge kwa uzi ili asikinyakue na kuondoka. Pale chakula kimejaa tele, jaribu pamba au nyuzi badala ya chakula. Jike anayetengeneza kiota huzivuta kwa nguvu, na mtego unafyatuka.

Kuna jambo moja linaloharibu kazi kuliko yote, nalo ni haraka. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni. Ukitega usiku wa kwanza utakamata mmoja au wawili wachanga, na wakubwa watauzunguka mtego kwa wiki nzima. Weka mitego yote mahali pake ikiwa na chambo lakini haijategwa, siku 3 hadi 7, ukijaza kila kinapoliwa. Chambo kikianza kuliwa kila usiku bila woga, tega yote jioni moja. Panya wadogo ni tofauti: wana udadisi, kwa hiyo watege tangu usiku wa kwanza, kila meta 2 au 3, maana hawaendi mbali na kiota. Kwa wakubwa, meta 5 kati ya mtego na mtego zinatosha. Mitego 15 kwa siku tatu inafanya kazi ambayo mitego miwili haitaifanya kwa miezi, kwa sababu hao wawili utakaokamata kwa wiki wanazaliwa upya kabla hujamaliza.

Penye kuku, paka au watoto, mtego ukae ndani ya sanduku lenye tundu la sentimita 6 kila upande, na ubao wa ndani unaomlazimisha panya kukata kona kabla ya kufikia chambo. Sanduku linamkinga kuku, na pia linamvuta panya, ambaye anapenda kupita palipofunikwa.

Mitego ya gundi siipendekezi hata kidogo. Mnyama anakufa polepole kwa kiu na hofu, na ndege na mijusi wananaswa humo humo. Uingereza waliipiga marufuku kwa watu wa kawaida mwaka 2024. Mtego wa chuma wa kubana mguu ni hivyo hivyo: Umoja wa Ulaya uliuzuia tangu 1995. Kitanzi cha waya hakichagui nani anaingia shingo.

Kwa nguchiro, kanu na sungura tumia kizimba chenye mlango wa kuanguka. Urefu wa sentimita 75 hadi 80 na kimo cha 25 hadi 30 vinatosha. Kizimba kifupi mlango unaangukia mgongo au mkia, na mnyama anarudi kinyumenyume. Kosa la kawaida ni kizimba kinachotikisika. Mnyama akikanyaga waya na ukacheza chini ya mguu, anageuka. Kikandamize ardhini, funika sakafu kwa udongo kidogo, na uweke chambo nyuma kabisa, mbali na kibao cha kukanyaga, mahali asipoweza kukifikia kutoka nje kupitia matundu ya waya. Kifunike kwa gunia juu, upande mmoja ubaki wazi. Kagua asubuhi na jioni bila kukosa. Kwenye jua kali mnyama aliyefungiwa hafiki mchana. Usipoweza kukagua, usitege. Na amua mapema utamfanya nini aliyenaswa, maana kumhamishia kwa jirani ni kuhamisha tatizo, na sehemu nyingi ni kosa kisheria.

Fuko anataka subira na jembe dogo. Tafuta vichuguu viwili vipya, chimba katikati yake hadi uufikie mfereji mkuu, usafishe udongo uliolegea, kisha weka mitego miwili, mmoja ukiangalia kila upande. Hujui atatokea wapi. Fuko wa jamii ya panya huja kuziba mwanya akihisi hewa na mwanga, kwa hiyo usifunike kabisa. Mwanya mdogo ndio unaomwita. Akija akisukuma udongo mbele yake mtego unaweza kufyatuka kabla hajafika, basi urudishe ndani zaidi ya mfereji kidogo.

Sasa bunduki. Kwanza ya upepo, kwa sababu ndiyo inayofaa karibu na majengo. Kaliba, yaani unene wa risasi, ni mbili kwa kawaida: .177 ambayo ni milimita 4.5, na .22 ambayo ni milimita 5.5. Kwa nguvu ya kawaida ya joule 16, ambayo ndiyo mpaka wa bunduki ya upepo isiyo na leseni Uingereza, .177 inaruka bapa zaidi, kwa hiyo kosa la kukadiria umbali halikuadhibu sana. Ya .22 inapiga kwa uzito zaidi lakini inaanguka haraka. Kwa panya wa ndani ya banda, meta 10 hadi 20, ningechukua .22. Kwa njiwa juu ya paa ningechukua .177. Zote mbili zisivuke meta 30 au 35.

Kidonge, yaani risasi ya bunduki ya upepo, chagua chenye kichwa cha duara. Kile bapa kinapoteza shabaha baada ya meta 20 hivi, na kile chenye ncha kali kinauzwa kwa sura kuliko kwa kazi. Nunua aina tatu au nne za makopo madogo, piga vidonge vitano vitano kwenye karatasi ukiwa umeegemea, na mtutu wenyewe utakuambia unapenda kipi. Kisha usibadilishe.

Bunduki ya upepo ya springi ina tabia zake. Usiibane kwa mkono; iache irudi nyuma jinsi inavyotaka, na kamwe usiegemeze mtutu wenyewe kwenye kitu kigumu, maana shabaha itahama. Usiifyatue bila kidonge, kwani pistoni hugonga bila mto wa hewa na kuvunja mpira wa kuzibia. Unapoijaza, shikilia mtutu muda wote vidole vikiwa ndani, maana ukichomoka unakata. Tena, inapiga mshtuko mara mbili, nyuma kisha mbele, kwa hiyo darubini isiyotengenezwa kwa ajili yake itaharibika ndani ya miezi michache.

Jambo linalowashangaza wengi ni risasi kutua chini ya alama ukipiga karibu. Darubini iko kama sentimita 4 juu ya mtutu. Ukiirekebisha .22 ya joule 16 ipige alama kwenye meta 25, kwenye meta 3 kidonge kitatua sentimita 2 chini ya alama, na kwenye meta 35 kitatua sentimita 6 au 7 chini. Panya ana sentimita 2 tu za kichwa unazotakiwa kuzipiga. Kwa hiyo piga karatasi kila meta 5, kuanzia 5 hadi 35, andika matokeo kwenye kipande cha karatasi, na ukibandike kwenye kitako. Umbali ambao huwezi kuweka vidonge vitano ndani ya sentimita 2.5 ni mbali kwako, hata kama bunduki inafika.

Kwa sungura na vitu vya ukubwa huo kwenye uwanja wazi, .22 LR (Long Rifle), ambayo ni risasi ndogo ya baruti, si ya upepo, ndiyo inayokubalika kila mahali, tangu 1887. Risasi yake ni gramu 2.6; boksi litasema 40 gr, na hiyo gr ni grain, si gramu: 15.4 zake ndizo gramu moja. Chagua yenye tundu kichwani, kwa sababu inafunguka ndani ya mnyama na kuishia humo. Ile kichwa kizima inatoboa na kuendelea. Ya kasi ndogo, karibu meta 325 kwa sekunde, haivuki kasi ya sauti, haipigi mlipuko hewani, na pamoja na kizuia sauti, pale kinaporuhusiwa, sungura wa pili hajui kilichompata wa kwanza. Bunduki inayojijaza yenyewe mara nyingine hukwama na risasi hizi, kwani msukumo hautoshi kurudisha bolti. Ya kuvuta bolti kwa mkono haina tatizo hilo. Irekebishe meta 50. Kwenye meta 100 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 15, ndiyo maana meta 75 ni mwisho mzuri.

Hatari ya .22 LR ni kuruka. Risasi ya madini laini, kasi ndogo, ikigonga jiwe, maji au ardhi kavu kwa pembe ya chini inaruka mzima mzima, na hewani inaweza kusafiri mbali sana. Hapa ndipo .17 HMR, kaliba nyingine ndogo ya baruti iliyotoka 2002, inapofaa: risasi ya gramu 1.1 kwa karibu meta 775 kwa sekunde, yenye ncha ya plastiki, inasambaratika inapogonga, na inafika vizuri meta 120 hadi 150. Kinachoisumbua ni upepo. Wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza kama sentimita 10 kwenye meta 100. Kwa bweha tafuta .223, risasi ya baruti yenye nguvu zaidi. Kwa nguruwe pori hizi zote ni ndogo, usithubutu.

Kabla ya kugusa triga, angalia nyuma ya mnyama. Kuwe na mteremko wa udongo laini unaoumeza mpigo. Mnyama aliye juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, hapigwi. Wa juu ya tawi pia hapigwi kwa .22 LR. Kupiga ukiwa juu ya gari au jukwaa kunaelekeza risasi ardhini, na hilo peke yake linapunguza hatari nyingi. Ukivuta triga ikasikika tik tu, elekeza mtutu salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwani baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Toa bolti na uchungulie mtutu kutoka nyuma. Risasi inaweza kuwa imekwama humo, na ya pili itaupasua.

Leseni, kabati la kufungia silaha, na orodha ya wanyama wanaolindwa vinatofautiana nchi na nchi. Uliza mamlaka ya wanyamapori kabla, hasa kwa kanu na ndege.

Mizoga ishikwe kwa glavu. Panya hubeba homa ya mgunda kwenye mkojo, na viroboto huhama mzoga unapopoa, kwa hiyo uingize kwenye mfuko haraka na ufunge. Aliyepigwa kwa madini ya risasi asiachwe porini: tai na kozi humeza vipande vidogo wakila nyama na kufa kwa sumu. Mzike nusu meta chini, au tumia risasi za shaba pale kaliba yako inapozipata na mtutu ukizikubali. Mitego ioshwe kwa maji matupu. Harufu ya sabuni inaweza kuwafukuza panya. Harufu ya panya aliyetangulia haiwafukuzi.