Toa 6

Aisee wiki hii imenyesha kinoma huku Sakina, na mi mvua ikishika ivi kitu cha kwanza nachokimbilia sio nguo za kwenye kamba, ni kontena langu la siga. Siga nasema, sio sigara, yale manene yanayosokotwa kwa majani ya tumbaku mwanzo mwisho, wazee wangeita biri. Najua mtacheka, mtu wa Chuga anahangaika na unyevu wa tumbaku wakati mahindi tu kuyakausha ni shughuli, ila ngojeni niwaeleze ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Miaka kadhaa nyuma mgeni mmoja tumemaliza Serengeti, siku namrudisha KIA akanipa tipu yangu na juu yake siga saba kwenye mfuko. Mi nikazitupia kwenye droo ya dashibodi nikaunganisha safari nyingine, Februari hiyo, jua la Tarangire mnalijua. Wiki mbili baadae nawasha moja, jani la nje likapukutika kama ganda la kitunguu, moshi wa moto unachoma ulimi, haijachukua dakika kumi imeisha. Ya pili ivyo ivyo. Machalii ofisini wakasema hizo zimekauka, zinataka maji. Haya. Nikachukua sponji mpya ya kuoshea vyombo nikailowesha maji ya bomba, nikaifungia pamoja na zile tano kwenye kontena la chakula, nikaenda porini. Narudi masika imekolea, nafungua, ukungu! Wa kijani, umeota manyoya kabisa. Zote tano nikatupa na lile kontena mama watoto hakulitaka tena, ndo likawa langu mpaka leo.

Hapo ndo nikaanza kusoma, na kila unapogusa unakutana na 70. Unyevu asilimia 70, joto 70, ila hiyo 70 ya joto ni Fahrenheit za Wamarekani, kwetu ni kama nyuzi 21. Na hiyo asilimia haimaanishi hewa imejaa maji asilimia 70, wengi tunakosea hapo, maana yake ni kwamba kwa joto lile hewa imebeba mvuke asilimia 70 ya wote ambao ingeweza kuubeba, na hewa ya joto inabeba mwingi kuliko ya baridi. Tumbaku yenyewe ni kama chumvi ya jikoni wakati wa masika, inavuta maji hewani mpaka itosheke, ikikuta hewa kavu inayaachia. Ikizidisha siga inavimba, jani la nje linapasuka, unavuta mpaka mashavu yanauma, inazimika kila saa na ikiwaka ni chungu. Ikikauka yale mafuta yenye ladha yanapotea, na hayo hata uirudishie unyevu hayarudi.

Basi nikapata haigromita, kile kipimo cha unyevu wa hewa, ndogo ya kidijitali, nikatoboa matundu kopo la dawa nikaweka kipande cha sponji ndani, safari hii na maji ya betri maana yale ni masafi hayana madini, ya bomba yanaacha chumvichumvi na ukungu unayapenda, halafu maji ya huku kwetu na floraidi yake mpaka meno yetu yanatutambulisha. (Ukinunua maji ya betri soma chupa vizuri, usije ukabeba asidi.) Nikawa nafungua mfuniko, nafunga, naongeza tone, napunguza, mpaka haigromita ikatulia 70. Na siga zikanoga kweli! Zinawaka sawa pande zote, jivu refu, hazizimiki. Miezi hiyo nilikuwa fundi, namfundisha kila mtu, 70 bwana, usitoke kwenye 70.

Mpaka siku moja tuko Karatu na mgeni mmoja mzee anayezijua hizi vitu toka ujana, nikamwonyesha mtambo wangu, akauliza kitu kimoja tu, umeipima kwa chumvi? Sikuelewa. Ni ivi: unachukua kifuniko cha chupa ya maji unajaza chumvi ya mezani, unadondoshea matone machache iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote, unaifungia na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa na unaiacha masaa 24. Chumvi iliyolowa namna hiyo inashika unyevu wa hewa pale ndani kwenye 75, iwe Arusha iwe Havana. Kwaiyo kesho yake haigromita inatakiwa isome 75.

Yangu ilisoma 81.

Yani inazidisha 6. Ile 70 yangu ya kujidai nayo siku zote ilikuwa 64! Nilivyo mjinga badala ya kufurahi nikaona nimekuwa nikikosea, nikaipandisha iwe 70 ya ukweli. Nikaja kuagiza vile vipakiti vya Boveda kwa mgeni aliyekuwa anakuja, vya 69. Humo ndani ni chumvi na maji tu, mambo yale yale ya kifuniko, ila ukichagua chumvi nyingine unapata namba nyingine, kwaiyo kuna 62, 65, 69, 72, na uzuri wake vinatoa unyevu ukipungua na vinaunyonya ukizidi, sponji inajua kutoa tu. Sawa, namba ilikaa pale pale. Lakini siga zangu zikawa hazivutiki, nawasha mara nne, upande mmoja unawaka mwingine umelala. Nimekaa barazani Juni ile ya ukungu na kajaketi, kiberiti kinaisha, nikasema hapana, namba ya vitabu mi hainihusu. Nikaweka 65, nikasubiri kama mwezi na nusu maana siga haibadiliki usiku mmoja, zikarudi kuwa zile zile. Baadae nikaja kujua wapenzi wengi wa siga za Kuba wanazishusha hapo hapo, 65, wengine 62 kabisa. 70 sio uongo, kuna wanaozipenda laini laini, ila ukiwa na 70 huna nafasi ya kukosea, ukiteleza kidogo kwenda juu uko jirani na ukungu.

Dogo wangu yuko Moshi, Pasua, na kule ni habari nyingine. Moshi iko chini kuliko Arusha, Januari chumba chake cha bati ni oveni. Nilimpa siga nane nikamwambia weka 65 kama mimi, akaweka, baada ya muda ananitumia picha siga ina vitundu kama vya sindano. Wadudu wa tumbaku hao, mayai yanakuja yamelala ndani ya jani, joto likipita kama nyuzi 24 yanaanguliwa na hapo hata namba yako iwe nzuri vipi haikusaidii. Dawa yake unazifunga mifuko miwili unazitia friza siku tatu, halafu friji ya kawaida siku moja, ndo unazitoa nje, ukiziruka hatua zinapasuka. Akafanya, ila friza ni ya shemeji na ina sato, na mfuko alifunga mmoja tu. Siga mbili alizonirudishia sitaki kuzizungumzia. Sasa ivi anakaa na 62 na anaziweka kwenye kulboksi uvunguni, kule joto halipandi sana.

Kuhusu sanduku la mbao: yale ya dukani ndani wanatumia mbao wanayoiita mwerezi wa Hispania, ambayo wala sio mwerezi na wala haitoki Hispania, ni mti wa Amerika ya Kusini na ya Kati wa ukoo mmoja na mahogani. Mabwana miti wetu wanaujua kama sedrela, umepandwa sana tu hapa nchini na kwenye msitu wa Kimboza kule Morogoro umegeuka kero. Kwaiyo fundi wako anaweza kuipata. Wangu alinichongea la paina akaniambia zote ni mbao, na siga zikanuka kabati jipya, sasa mama watoto anawekea uzi na vifungo. Nimebaki na kontena langu la plastiki na kajibao ka sedrela ndani kwa ajili ya harufu. Linafunga vizuri kuliko masanduku mengi ya bei mbaya.

Haigromita bado ni ile ile, nimeibandikia karatasi juu nimeandika TOA 6 nisije nikajisahau. Jana nimerudi toka Ngorongoro nafungua naona 71, na chini ya maandishi yangu mwanangu wa darasa la tatu kashaweka jibu kwa wino, 65, na tiki nyekundu kajipigia mwenyewe.