Mandazi yangu ya Bangkok

Leo nimeona mdogo wetu mmoja kaandika kwamba anakwenda Thailand kuuza mishikaki barabarani, eti kule kila kona kuna kibanda. Nimeshtuka, maana njia hiyo nimeipita.

Nilikuwa na viza ya utalii tu. Nikapika mandazi ya iliki na chapati, nikatandika meza ndogo kando ya barabara ya Sukhumvit, Bangkok, saa watu wanatoka kazini. Wateja walikuja, tena walirudi. Mama wa meza ya jirani, muuza kachumbari ya papai bichi, alinivumilia siku tatu. Ya nne akaniita pembeni, akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba kazi ile ni ya wenyeji.

Alisema kweli. Sheria ya Thailand imewatengea raia kazi ya uchuuzi, hata mgeni mwenye kibali cha kazi haruhusiwi kuifanya. Ukikamatwa, faini ni baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na miaka 2 hupewi kibali kingine.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba aliyenishawishi, Mwafrika mwenzangu, alikuwa anachukua nusu ya mauzo kwa kuniazima jiko. Yeye alikaa ndani. Barabarani nilisimama mimi.

Nilikunja meza usiku uleule. Mandazi yaliyobaki nilimpa yule mama, naye akanifungia wali wa kunata na embe.

Mdogo wangu, nipigie kabla hujakata tiketi. Saa yoyote.