Mapigo Yasiyoandikwa

Somo: Zaburi 38:9–11, Waebrania 6:7–10

Bwana asifiwe, wapendwa.

Aliyeimba Zaburi ya 38 alikuwa mgonjwa na hakuficha. "Moyo wangu unapwita-pwita, nguvu zangu zimeniacha; nuru ya macho yangu nayo imeniondoka." Tangu Shule ya Jumapili nilidhani hayo ni mashairi tu. Leo najua ni maneno ya mtu anayezimia. Ndivyo inavyokuja: kifua kinapapatika, magoti yanalegea, halafu giza, kama stima inapopotea usiku mtaani Nyalenda, hapa Kisumu. Ukizinduka uko sakafuni na watu wamekuzunguka.

Mara ya kwanza nilianguka kwenye maombi ya Ijumaa, mikono ikiwa juu. Wengi walidhani nimeguswa na Roho. Wakanifunika leso, wakaendelea kuimba. Siwalaumu, hata mimi mwenyewe sikujua kilichonipata. Lakini siku chache baadaye neno moja likanifikia, lililosemwa na dada wa ushirika wetu: "Huyo ana jambo hajaungama."

Hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilitoka kizuri. Nikavaa mashine ya nyaya usiku na mchana, nayo ikatoka safi. Shida ya ugonjwa huu ni kwamba moyo unaweza kukosea mara moja kwa miezi mitatu, na siku ya kupimwa ukapiga vizuri kabisa. Daktari akashauri niwekewe kifaa cha kurekodi mapigo chini ya ngozi. Kanisa likachanga, Mungu awakumbuke, nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Nilipigwa ganzi, nikakatwa kidogo upande wa kushoto wa kifua, na kazi ikaisha kwa dakika chache. Siku hiyo hiyo nikaruhusiwa kutoka. Kifaa chenyewe hakifiki sentimita 5 kwa urefu na uzito wake ni gramu chache tu. Nikikigusa nakisikia chini ya ngozi kama njiti ya kibiriti iliyonenepa.

Naomba nieleze hili vizuri, kwa sababu wengi wameniuliza kama sasa nimepona. Kifaa hiki hakitibu. Hakiusukumi moyo wala hakiushtui. Kinatazama na kuandika, na betri yake imetengenezwa kufanya hivyo kwa miaka kama 3. Kando ya kitanda nina kisanduku ambacho usiku, nikiwa usingizini, hukusanya yaliyoandikwa na kuyatuma kliniki kwa mtandao wa simu. Stima ikipotea, yaliyohifadhiwa yanasubiri mle kifuani. Nina pia kirimoti kidogo. Nikizimia, mimi au aliye karibu nami anakisogeza kifuani na kubonyeza, na kifaa kinahifadhi mapigo ya zile dakika zilizotangulia.

Kilichonigusa ni namna kinavyoandika. Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kifaa kidogo hivyo hakiwezi kuweka yote. Kwa hiyo kinaandika juu ya kilichoandikwa, mapya yakifuta ya zamani, saa baada ya saa. Hakifuti pale tu moyo unapokosea: ukisimama sekunde kadhaa, ukienda polepole mno, ukikimbia, au ukipiga bila mpango. Hayo kinayahifadhi na kuyapeleka. Muuguzi aliniambia kwa simu, kwa wema kabisa, "Mama, usipotusikia ujue moyo unafanya kazi vizuri. Mazuri hatuyaweki."

Mazuri hatuyaweki. Nililala na neno hilo siku nyingi.

Kwa kifaa ni sawa, kazi yake ni kutafuta kosa ili nitibiwe. Lakini nilipoomba usiku ule nilijiona. Nilikuwa nimebeba lile neno la dada yetu mwaka mzima. Nililijua kwa herufi, siku liliposemwa, na mdomo ulionifikishia. Katika Biblia yangu nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya aya ya 11 ya zaburi hiyo hiyo, pale mgonjwa anapolia kwamba rafiki zake wamesimama mbali na pigo lake. Niliisoma aya hiyo nikimwona yeye.

Na wapendwa, hakusimama mbali. Niliporudi kutoka Nairobi na kuambiwa nisiinue kitu kizito, ni nani aliyetembea kutoka Kondele kila asubuhi na chupa ya uji wa wimbi? Wiki mbili, mvua ikinyesha, kabla hajafungua kibanda chake Kibuye. Ni nani aliyenifulia? Alikuwa yeye. Nilikuwa nimeyafuta yote hayo. Siku kumi na nne za uji zilipita moyoni mwangu kama mapigo mazuri, na sentensi moja ikabaki imehifadhiwa.

Ndipo nikasoma Waebrania 6 polepole. Sura hiyo ni kali. Mwandishi ametoka kusema juu ya ardhi inayokunywa mvua kisha ikatoa miiba, na msomaji tayari anatetemeka. Halafu anawaita wasomaji wake wapenzi na kuwaambia kwamba "Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu". Tazameni neno alilochagua. Hakusema tu kwamba Mungu ana kumbukumbu nzuri. Amesema kusahau wema wa mtu ni udhalimu. Mimi nilikuwa nikijiita niliyedhulumiwa, na Neno likanionyesha kwamba katika jambo hili dhalimu ni mimi. Nililia, na sikuona aibu kulia.

Huyu ndiye tunayemwabudu. Zaburi ya 130 inauliza nani angesimama kama Bwana angehesabu maovu. Anayaona, maana aya ya 9 ya somo letu inasema kuugua kwetu hakukusitirika kwake. Mapigo yangu yasiyo na mpango hayahitaji kisanduku ili yamfikie. Lakini yale 100,000 ya kawaida, yale ambayo kliniki haitawahi kuyaona, na uji ambao mimi niliufuta, yeye hajafuta.

Niwape habari zenyewe, maana mmekuwa mkiniombea. Nilianguka tena Jumamosi ya mazoezi ya kwaya, tukiwa ubeti wa pili. Aliyekuwa amesimama karibu nami ni dada huyo huyo. Nilikuwa nimewafundisha waimbaji wote kutumia kirimoti, na wengine walipokuwa wakipiga kelele na kunipepea, yeye alikitoa mkobani mwangu akakibonyeza. Kliniki walipofungua waliona moyo wangu ulisimama sekunde 7, dakika ile ile niliyoanguka. Baada ya zaidi ya mwaka wa kubahatisha, sasa jibu limepatikana. Nitawekewa peisimeka, na hicho ndicho kifaa kinachousukuma moyo upige unapochelewa. (Wanaoogopa kwa niaba yangu wajue kwamba si jambo jipya. Arne Larsson wa Uswidi ndiye wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hiyo ndani ya mwili, Oktoba 1958. Cha kwanza kilizima baada ya saa chache, akabadilishiwa vingine vingi, akaishi hadi 2001 akiwa na miaka 86.)

Jumanne nilipanda tuktuk hadi Kondele. Dada yetu amenipa ruhusa niandike haya. Nilimkuta akichambua omena mlangoni, nikaketi, nikamwambia kwamba nilisikia alichosema mwaka jana, na kwamba nimekibeba. Mikono yake ikasimama. Hakukana. Aliniambia hajawahi kulala vizuri tangu alipotamka neno lile, kwamba kila akiniona kanisani lilimrudia, na kwamba mara tatu alifika mlangoni kwangu kuomba msamaha, akaniachia uji akaondoka.

Nikamwuliza, "Na wiki mbili zile ulizotembea kuniletea?"

Akashangaa kweli. "Mama, uji ni uji tu."

Naye alikuwa ameufuta. Amebaki na sentensi ile ile niliyobaki nayo mimi, na sote wawili tulikuwa tunakwenda mbele za Bwana tukiwa tumeishika hiyo moja. Tukaomba pale pale, omena katikati yetu, tukamtajia Mungu wema mmoja mmoja wa mwaka mzima. Mwingine aliukumbuka yeye, mwingine niliukumbuka mimi, na tulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jua lilikuwa limeshuka ziwani tulipomaliza.

Nasafiri Jumapili usiku. Mchungaji alitaka kumtuma mmoja wa wazee anisindikize, lakini tikiti ya pili imeshakatwa, na jina lililoandikwa ni la dada yetu. Ameniuliza kama Nairobi kuna mahali pa kupikia uji.