Siku ya kilele na manyani wa Adili

Saa tano usiku. Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani. Mpishi ananitikisa mguu niamke. Chai na biskuti kwa wageni wanne, wawili hawataki hata kuziona. Saa sita wanaondoka na waongozaji wao, tochi za kichwani zikipanda kama siafu.

Saa saba. Wenzangu wamerudi kulala. Mimi usingizi ukikatika ndiyo basi. Simu niliizima tangu kambi ya Shira, baridi inakula chaji. Getini Machame mzigo wetu hupimwa, mwisho kilo 20, kwa hiyo vitabu nilivyobeba ni vyembamba, vyote vya Shaaban Robert: Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952). Shuleni nilivisoma kwa ajili ya mtihani, sikuonja kitu.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Kuisoma ukiwa juu ya mawingu, taa za Moshi zikimetameta huko chini, ni raha ya peke yake. Ila kinachosha, nisiseme uongo. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kufundisha sheria, anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa, na kila aliyerudi nayo akatupwa gerezani. Ukifika kwa mjumbe wa tatu, wa nne unajua atafanywaje. Kilichonikamata ni ule mwaka. Mwingereza bado anatawala Tanganyika, na mtu anaandika kesi ya raia anayetaka kusikilizwa. Miaka kumi baadaye, Desemba 1961, nchi ikipata uhuru, Alexander Nyirenda akapandisha mwenge hukohuko wanakokwenda wageni wangu.

Saa kumi alfajiri. Natoka kujisaidia. Mahema yamevaa ganda la barafu, hakuna hata anayekoroma. Ghafla nikakumbuka ule mji ambao Adili anaukuta watu wake wote wamekuwa mawe, mzima ni binti mmoja tu, Mwelekevu. Nilirudi hemani mbio kuliko nilivyotoka.

Saa moja asubuhi. Kambini Barafu hakuna maji, tuliyonayo tuliyabeba jana kutoka kambi ya Karanga, kwa hiyo sufuria zinafutwa tu. Mpishi anamenya viazi.

"Dogo, bado uko kwenye hadithi za watoto?"

"Za watoto? Mzee, huyu Adili kila usiku anawachapa manyani wawili kwa amri ya jini, naye roho inamuuma. Na hao manyani ni kaka zake."

Kisu kikasimama. "Walimfanya nini?"

"Walimtosa baharini usiku, kwa wivu. Mmoja anaitwa Hasidi, mwingine Mwivu."

"Sasa mzazi anamwita mtoto Hasidi, alitegemea nini?"

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Majina ya Shaaban Robert yanakumalizia hadithi kabla hujaanza. Lakini ile fimbo ya kila usiku, anayechapa akiumia sawa na anayechapwa, sijakutana nayo kwingine. Adili nakiweka mbele ya Kusadikika, wanaopenda hotuba watanisamehe.

Saa nne na nusu. Wageni wanarudi, mmoja analia kwa furaha, mmoja anatapika. Supu, walale kwa muda wa saa moja, tukunje mahema. Kuanzia saa saba ni kushuka kwa njia ya Mweka, na magoti ndiyo yanayolipa.

Saa kumi na moja jioni. Msitu, joto, hewa tele. Nimetua mzigo na kuvua viatu. Mpishi anakuja na kikombe cha chai ambacho sikumwomba, anachuchumaa kando yangu.

"Hao manyani. Walirudi kuwa watu?"

Nikachomoa kitabu begini nikampa. Akafuta masizi ya vidole kwenye suruali, kisha akakipokea kwa mikono miwili.