Barakoa ya taa, ile rangi ya bluu, na uso wangu

Jamani tangu niposti ile picha nikiwa nimevaa barakoa ya taa (ile ya kufunika uso mzima, ndani ina taa ndogo za kutibu ngozi) inboksi haijatulia, nusu mnauliza nimeinunua wapi na nusu mnanicheka tu, sasa ngoja niyamwage yote hapa mara moja maana kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Niliinunua Kariakoo, laki moja na ishirini baada ya kubishana bei mpaka koo limekauka. Ni ile ya plastiki nyeupe ngumu, rangi saba, ina rimoti yake na waya wa kuchajia kama wa simu. Muuzaji akanipa somo kabisa, nyekundu ni ya mikunjo, bluu ya chunusi, kijani ya madoa, njano sijui ya nini, halafu zambarau "hiyo inafanya zote dada". Nikaamini, na niseme ukweli niliamini kwa sababu nilitaka kuamini, chunusi za kidevuni zilikuwa zimenikalia mwaka mzima kama mpangaji asiyelipa kodi na hataki kuhama.

Usiku wa kwanza mdogo wangu kafungua mlango kunitafuta, kakuta giza, uso wa bluu umelala chali kitandani, kelele aliyopiga mpaka jirani kagonga ukuta. Alipotulia akaniuliza, "Dada, umeanza kazi ya kuchomelea mageti?"

Basi nikawa naweka bluu kila siku, dakika ishirini, siku nyingine nasinzia nayo kabisa. Na chunusi zikaanza kukauka kweli, hapo siisingizii. Ni kwamba wale bakteria wa chunusi wanatengeneza kitu kinaitwa pofirini ndani yao, mwanga wa bluu ukiipiga hiyo pofirini inazalisha oksijeni kali inayowaua wao wenyewe, yaani wanakufa kwa mali yao. Hiyo haina ubishi, hata madaktari wanaitumia.

Tatizo lilikuja wiki ya tano. Naosha uso asubuhi, naangalia kioo, naona kama nimevaa miwani. Zile sehemu za matundu ya macho kwenye barakoa zimebaki na rangi yangu ya siku zote, kwingine kote nimekuwa mweusi zaidi, na kila palipokuwa na chunusi pana doa kama mtu kaninyunyizia wino. Nikampigia mama Tanga kwa video, shikamoo sijaimaliza vizuri ananiuliza, "Mwanangu unaumwa?" Niliweka kamera chini nikaongea naye akiwa anaangalia dari.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi (hela ya barakoa mara mbili, ndiyo, najua). Akaniuliza natumia nini, nikamtajia, akacheka kidogo kwa upole halafu akanielewesha. Kumbe sio jua tu linaloweusha ngozi. Mwanga wa bluu tunaouona kwa macho nao unaziamsha zile seli zinazotengeneza rangi, na kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo zinavyoamka kwa nguvu na kukataa kulala. Kuna utafiti ulichapishwa 2014, waliwapiga watu mwanga wa bluu wa nanomita 415 na mwekundu wa 630 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndicho kinachotofautisha rangi), ile bluu ikaacha weusi uliokaa miezi, nyekundu haikuacha kitu. Na hao hawakuwa weusi kama mimi, walikuwa maji ya kunde. Sasa 415 ndiyo bluu inayotumika kwenye barakoa nyingi za chunusi! Yaani hapo ndo nilichoka. Zile picha za kabla na baada tunazoonyeshwa ni za wazungu na Wakorea, doa ninalopata mimi wao hawalipati kirahisi, nani ataliweka kwenye boksi?

Nyekundu yenyewe ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1967 kuna daktari wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa anataka kujua kama leza nyekundu inaleta saratani kwa panya, akawanyoa mgongoni akawamulika, saratani hawakupata ila nywele zikaota haraka kuliko wale ambao hawakumulikwa (nikamfikiria mjomba wangu mmoja hapo, simtaji). Mwanga mwekundu unaingia ndani zaidi ya bluu, inasemekana unazipa seli nguvu ya kufanya kazi zake, kolajeni (ile protini inayoishikilia ngozi) inaongezeka na uvimbe unashuka.

Kwa hiyo sasa naweka nyekundu tu, dakika kumi, mara nne kwa wiki, uso ukiwa umeoshwa na haujapakwa kitu, umeme ukikatika basi hiyo siku imepita. Miezi mitatu sasa. Chunusi ikitoka inanywea mapema na uso umetulia, ndo hivyo tu. Mikunjo siwezi kusema, nina miaka 29. Madoa yanaisha taratibu lakini sifa hiyo siipi barakoa, naipa krimu ya asidi ya azelaiki (dawa ya chunusi na madoa) niliyoandikiwa na sanskrini yenye rangi ya kahawia, ile yenye oksidi ya chuma, kwa sababu ile nyeupe ya kawaida haizuii mwanga wa kuonekana na juu yake inakuacha kama umetoka kupepeta unga.

Halafu barakoa yangu yenyewe haijaandikwa nanomita popote, wala nguvu ya taa. Muuzaji alisema ina infraredi, ule mwanga ambao macho hayauoni ila kamera inaweza kuuona, nikaiwasha gizani nikaielekezea kamera ya mbele ya simu kama unavyopima rimoti ya tivii, wapi, hakuna kinachowaka. Zile zenye vipimo vya kueleweka ni ghali, hela hiyo mimi sina.

Na kama unameza doksi (doksisaiklini, ile antibayotiki) ya chunusi au dawa yoyote inayofanya ngozi iogope jua, au una shida ya macho, muulize daktari kwanza tafadhali. 2019 Neutrogena waliirudisha barakoa yao kutoka sokoni kwa sababu ya wasiwasi wa macho, na hao ni kampuni kubwa, sembuse hii yangu isiyo na jina. Mimi nafumba macho na kuweka kitambaa cheusi juu yake.

Mama kaja wiki iliyopita. Akaizungusha mkononi, akaniambia sisi tulipaka liwa na hatukuhitaji swichi. Jana usiku natoka kuoga nimkute sebuleni, tamthilia inaendelea, barakoa kaifunga kwenye goti kwa mtandio, inawaka nyekundu.

"Inapasha vizuri," kasema. Sijairudishiwa mpaka sasa.