Tumelima barabara: wimbo wetu wa mashindano na akili mnemba

Naongoza kwaya ndogo ya mtaani Ipagala, Dodoma. Mwaka jana tuliamua kuingia mashindano ya nyimbo za mavuno. Wimbo ulitakiwa uwe mpya, na mtunzi wetu alikuwa amehamia Mwanza. Zilibaki wiki tatu. Kijana mmoja wa besi akaniambia, "Mwalimu, si uiambie simu itunge?" Masharti hayakukataza akili mnemba, ila uitaje kwenye fomu.

Jioni ile niliiagiza: wimbo wa mavuno, Kiswahili, sauti nne, Dodoma. Chai haijapoa, beti tatu hizo! Vina vilikaa sawa, lakini ubeti wa kwanza ulishukuru kwa mvua za vuli na masika, na wa pili ukasifu minazi. Minazi, Dodoma! Sisi mvua yetu ni moja, inaingia Desemba, ikifika Aprili inaaga. Nikaanza upya, nikiielekeza kama mgeni aliyeshuka stendi usiku: vuli haipo, tunalima uwele na mtama, uwele unavunwa Mei na Juni, watoto wanashinda shambani kufukuza kwelea kwelea, na mboga ni mlenda. Beti zikaanza kunukia kwetu. Hata hivyo nusu ya mistari niliifuta, maana ikikosa neno inachomeka "nuru" au "matumaini".

Kazi ilikuwa kwenye kuimba. Kiitikio nilikitunga mwenyewe: "Tumelima barabara, ghala limejaa." Sasa, Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila neno hili lina ujanja wake. Ukisema baRAbara ni sawasawa. Ukisema baraBAra ni njia ya magari. Nilipoupeleka kwenye programu ya muziki ya akili mnemba, ikaimba baraBAra, tena kwa sauti tamu ya dada ambaye hajazaliwa. Niliwasikilizisha wenzangu mazoezini. Mama mmoja wa sauti ya pili akashika mbavu: "Mwalimu, tumelima lami!"

Nilitenganisha silabi kwa vistari, nikajaribu herufi kubwa, nikarudia mara kumi na moja mpaka bando likakata. Kilichosaidia ni kuacha kuandika. Niliimba kiitikio mwenyewe, nikairekodi sauti yangu mbovu, nikaipakia. Ikafuata mkazo wangu bila ubishi.

Hapo nikakumbuka niliyosoma kuhusu mashindano ya nyimbo za akili mnemba yaliyofanyika Uholanzi mwaka 2020. Washindi walitoka Australia, na waliilisha mashine sauti za wanyama wa kwao, koala akiwemo. Nikasema, sisi tuna zeze. Nikamfuata mzee mmoja kijijini Mvumi, shikamoo nyingi na kilo mbili za sukari, akanipigia.

Mashine ililipokea zeze, ikalinyoosha. Uimbaji wa Kigogo, ule ambao marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliufikisha Ulaya, unafuata sauti za asili zinazojificha ndani ya uzi mmoja. Sauti ya saba kati ya hizo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya kibonye kimoja na kinachofuata. Programu iliiona kama kosa, ikairekebisha. Nilipompelekea mzee, alisikiliza kimya, kisha akasema, "Hili zeze limekwenda shule."

Basi tukagawana kazi. Programu ilinipa mpangilio: ngoma iingie wapi, ubeti upi utangulie, besi ibaki peke yake lini. Hilo inaliweza kweli, unasikia namna sita kabla hujachosha watu. Solfa, yaani zile noti za do, re, mi, niliandika kwa mkono, kwa sababu ile iliyoandikiwa na mashine ilikuwa na mapigo matano kwenye vyumba vya mapigo manne. Zeze akapiga mzee mwenyewe, nasi tukajifunza kulifuata, jambo lililotula siku nne na ugomvi mmoja wa soprano.

Kwenye fomu nikaandika yote hayo. Tulishika nafasi ya tatu. Siku ya fainali, kabla hatujaimba, jaji mmoja aliinua fomu yetu akauliza zeze tulilotuma kwenye rekodi lilitengenezwa na programu gani. Mzee akakohoa, akasimama, akalinyanyua juu.