Mabenki ya kigeni na lori langu la pili

Mwaka 2023 nilitaka kuongeza lori la pili. Nabeba kontena kutoka bandari ya Newark, New Jersey, na wakati wa korona tulikuwa hatulali kwa mizigo. Baadaye mizigo ikapungua, riba nayo ikapaa: Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, iliitoa karibu na sifuri Machi 2022 ikaifikisha asilimia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Afisa mikopo alinibembeleza nisaini. Mimi nikataka kwanza kujua wakubwa wanafanya nini, maana mwenye lori moja hupata habari mwisho.

Kila robo mwaka Federal Reserve hupeleka dodoso kwa maafisa wakuu wa mikopo wa mabenki ya ndani yasiyozidi 80 na matawi ya mabenki ya kigeni yasiyozidi 24. Wanaulizwa kama maombi ya mikopo ya biashara yameongezeka au yamepungua katika miezi 3 iliyopita. Majibu huchapishwa, na mimi ilinivutia safu ya mabenki ya kigeni. Matawi hayo hayahangaiki na mama ntilie. Wateja wao ni makampuni makubwa, yakiwemo ya nje yenye maghala Marekani. Hao ndio wenye kontena ninazobeba.

Nilianza vibaya. Niliona namba hasi kwenye safu hiyo, nikampigia kaka yangu Tanga: "Kaka, mikopo imeanguka robo nzima!" Wala. Namba ile haihesabu dola, inahesabu vinywa. Chukua mabenki 20: 2 yaseme maombi yameongezeka, 7 yaseme yamepungua, 11 yaseme hali ni ileile. Toa 7 kwenye 2, gawanya kwa 20, unapata hasi asilimia 25. Yamepungua kiasi gani, namba hiyo haisemi. Na kwa uchache wao, yale 2 yakihamia upande wa "yamepungua", namba imeshuka pointi 20 nyingine.

Kosa la pili lilikuwa kudhani maombi yakipanda ni heri. Mwanzoni mwa 2020 makampuni makubwa yalikimbilia mabenki kuchota mikopo ili waweke akiba kwa hofu ya korona. Hapo nikakumbuka duka la baba. Kulikuwa na kuchukua mali kauli ajaze rafu kabla ya Ramadhani, na kulikuwa na kukopa kwa sababu kodi ya pango imefika. Kwenye daftari la mdai vyote ni deni.

Basi nikashuka hadi kwenye majibu ya "kwa nini", ambayo wengi huyaruka. Humo mabenki hutaja kama wateja wanakopa kwa ajili ya bidhaa za ghalani, mitambo, kununua makampuni mengine, au kuweka akiba tu. Kwangu ghala ndiyo habari yenyewe, kwa sababu bidhaa haiingii ghalani kwa miguu yake. Mwaka 2023 mabenki yalisema wateja wamepunguza kuwekeza kwenye mitambo na kukopa kwa ajili ya bidhaa.

Sikusaini. Nilinunua tela kuukuu kwa fedha taslimu, nikabadilisha breki. Mdororo wa uchumi uliotabiriwa sana haukuja, na kaka bado ananicheka kwa hilo. Ila kuna asubuhi nilikuwa nakaa getini Newark hadi saa tano, lori moja, na hilo moja halina kazi.